Linaloua Biti ni Joto

Kisima cha mvuke cha Olkaria, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya, hushuka hadi kina cha kama mita 3,000. Kipande chake cha mwisho, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, huchorongwa kwa biti ya inchi 8½. Juu ya ardhi kuna mnara, pampu, kompresa, majenereta na kikosi cha watu wanaopokezana zamu usiku na mchana. Chini kabisa, kinachogusa mwamba ni chombo kimoja ambacho watu wawili wanaweza kukinyanyua. Chombo hicho kikifa, mabomba yote hutolewa shimoni, biti hubadilishwa, kisha mabomba hurudishwa. Kazi hiyo hula nusu siku au zaidi bila shimo kuongezeka hata sentimita moja, na malipo ya rigi hayasimami.

Ukiuliza biti iboreshwe vipi ili imudu mwamba mgumu, jibu linalokuja haraka ni kutafuta kitu kigumu zaidi cha kuitengenezea meno. Jibu hilo lilikuwa na maana miaka mia moja iliyopita. Tangu meno ya almasi ya kiwandani yaanze kutumika kwenye biti, katika miaka ya 1970, hakuna mwamba unaoweza kushindana na jino kwa ugumu. Bado biti zinakufa, na zikitolewa shimoni mara nyingi zinakuwa zimekufa kwa namna mbili: zimeungua, au zimevunjika. Kuungua na kuvunjika huko kunahusiana kuliko inavyodhaniwa. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa ni hili: joto linazaliwa wapi kwenye biti, na linapata njia gani ya kutoka?

Ili kulijibu, ni lazima kwanza kujua mwamba unavunjwaje. Graniti nzima huhimili mgandamizo wa megapaskali 100 hadi 250, na basalti isiyo na nyufa hucheza kwenye viwango hivyohivyo. Lakini ukiuvuta mwamba badala ya kuugandamiza, hupasuka kwa nguvu ndogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mgandamizo. Kuukwangua nako huhitaji nguvu ndogo kuliko kuuponda. Tofauti hii ndiyo iliyogawa biti katika koo tatu: zinazoponda, zinazokwangua na zinazogonga.

Ukoo wa kuponda ulianza kupata nguvu mwaka 1909, Howard Hughes mzee alipopewa hataza ya biti yenye koni mbili zinazoviringika. Kabla ya hapo wachimbaji wa mafuta wa Texas walitumia biti iliyofanana na mkia wa samaki, ambayo ilikuwa hodari kwenye udongo lakini ikigonga mwamba mgumu inakuwa butu na kazi inasimama. Katika miaka ya 1930 wahandisi wa kampuni ya Hughes wakaongeza koni ya tatu, na hapo ikazaliwa trikoni, ambayo kwa miongo mingi imekuwa mtumishi mkuu wa visima vya mvuke, Olkaria ikiwemo. Mwaka 1951 yakaja meno ya kabaidi ya tangsteni yaliyopachikwa kwenye koni, na miamba iliyokuwa ikikwepwa ikaanza kuchorongwa.

Trikoni inaponda. Kila jino hukanyaga mwamba, huuvunja chini yake, kisha koni huviringika na jino la pili hukanyaga. Kwa kuwa meno hayaburuzwi sana, joto la msuguano kwenye ncha si kubwa. Udhaifu wa trikoni uko ndani, mahali pasipoonekana. Kila koni inazunguka juu ya beringi, beringi inahitaji grisi, na grisi inalindwa na sili ya mpira. Mpira wa kawaida huanza kuchoka joto likipita nyuzi 150 hivi, na hata ule wa kisasa una kikomo chake. Sili ikikauka, grisi hutoka na unga wa mwamba huingia. Beringi husagika, koni hulegea, na siku mbaya koni nzima hubaki chini ya shimo. Hapo kazi inageuka kuwa ya kuvua vyuma kabla ya kuendelea na mwamba. Huko Iceland, kwenye kisima cha majaribio cha Reykjanes kilichofika mita 4,659 mwezi Januari 2017, wahandisi walilazimika kutafuta biti zenye sili za chuma kwa chuma kwa sababu walijua wanaelekea kwenye joto ambalo mpira hauwezi kulistahimili. Joto lililopimwa humo lilipita nyuzi 400.

Ukoo wa kukwangua hauna koni, beringi wala grisi. Ni kipande kimoja chenye mabawa, na juu ya mabawa hayo yamepangwa meno yenye sahani nyembamba ya almasi iliyounganishwa na kabaidi. Kampuni ya General Electric, ambayo ilitangaza almasi yake ya kiwandani mwaka 1955, ndiyo iliyoleta meno haya miaka ya 1970, na duniani kote yanajulikana kwa herufi PDC. Jino la PDC huchukua tabaka la mwamba jinsi randa ya seremala inavyochukua ubao. Kwenye miamba laini ya mafuta, biti hizi zilizisukuma trikoni pembeni karibu kabisa. Kwenye miamba migumu na ya moto ziliaibika kwa miongo kadhaa, na sababu za aibu hiyo ndizo kiini cha suala zima.

Sahani ya almasi ya PDC si almasi tupu. Ni chembe nyingi ndogo zilizoshikamanishwa chini ya shinikizo na joto kubwa kwa msaada wa kobalti, na kobalti hiyo hubaki katikati ya chembe baada ya kazi kwisha. Joto likipanda, kobalti hutanuka takriban mara kumi zaidi ya almasi. Inakuwa inazisukuma chembe kutoka ndani mpaka zinaachana. Joto likizidi zaidi, kobalti ileile iliyosaidia kaboni kuwa almasi huisaidia kurudi kuwa grafiti, kitu laini kinachotumika kwenye penseli. Katika miaka ya 1980 maabara ya Sandia nchini Marekani, iliyokuwa ikitafuta njia ya kuzitumia biti hizi kwenye visima vya jotoardhi, ilionyesha jambo ambalo bado linaongoza usanifu: jino likiwa chini ya nyuzi 350 huchakaa taratibu, likipita hapo uchakavu huongezeka kwa kasi, na likikaribia nyuzi 750 huharibika lenyewe hata lisipogongwa na chochote.

Tiba iliyofuata ilikuwa ya kikemia. Watengenezaji walianza kuyaosha meno kwenye asidi ili kobalti itoke kwenye tabaka la juu, sehemu ndogo tu ya milimita moja. Tabaka hilo jembamba lilibadilisha mengi. Ncha inayogusa mwamba haina tena kitu cha kuipasua kutoka ndani, na huku chini kobalti iliyobaki inaendelea kuipa sahani uimara wa kuhimili kugongwa. Ukiitoa kobalti yote unapata jino linalovumilia joto kali lakini linalovunjika kirahisi na lisilopenda kushikamana na kabaidi. Ndiyo maana kina cha kuosha ni suala la vipimo, na kila mtengenezaji ana kipimo chake anachokiamini.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo fikra nyingi hupotoka. Watu husema biti imeungua kwa sababu maji hayakutosha. Tupige hesabu. Chukua biti ya inchi 8½ inayozunguka mara 100 kwa dakika, ikizungushwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 5,000. Hiyo ni kama kilowati 52, na karibu yote huishia kuwa joto. Pampu nazo zinateremsha lita 30 kwa sekunde. Kupandisha joto la maji hayo kwa nyuzi moja tu kunahitaji kilowati 126. Maana yake, hata joto lote la biti likiingia kwenye maji, maji yatapanda kwa chini ya nusu nyuzi.

Maji yanatosha, tena yanazidi. Kinachopungua ni njia. Joto linazaliwa kwenye kiraka kidogo pale ncha ya jino inapogusana na mwamba, mahali ambapo maji hayawezi kuingia kwa sababu chuma, almasi na jiwe vimebanana. Kutoka hapo linapaswa kusafiri ndani ya jino mpaka lifike kwenye uso unaooshwa na maji. Almasi husafirisha joto vizuri kuliko metali yoyote, na hiyo ni bahati kubwa. Lakini likifika juu, ni lazima likute uso huo unapitiwa na maji ya kasi. Likikuta maji yaliyolala au tope la unga wa mwamba lililoganda mbele ya jino, linarudi nyuma na ncha inaendelea kupanda. Meno mawili ya biti moja, yanayopata maji ya pampu moja, yanaweza kutofautiana joto sana kwa sababu moja linatazamana na nozeli na jingine limejificha nyuma ya bawa.

Hapo ndipo msanifu anapokutana na mgogoro ambao hauna suluhisho la bure. Mwamba mgumu unataka meno mengi, ili kila jino libebe mzigo mdogo na lidumu. Meno mengi yanataka mabawa mengi, sita, saba, hata manane. Kila bawa linaloongezwa linakula nafasi ya maji, na mifereji inayobaki inakuwa myembamba. Ukipunguza mabawa, maji yanapita kwa raha lakini kila jino linabeba zaidi na linapata joto zaidi. Kwa bahati nzuri mwamba mgumu hutoa chenga kidogo kwa saa kuliko mwamba laini, kwa hiyo mfereji hauhitaji kuwa mpana kwa ajili ya kusafisha tu. Unahitaji kuwa na mkondo ulioelekezwa. Ndiyo sababu wasanifu wa leo hukaa na programu za kompyuta zinazoonyesha mwendo wa maji kati ya bawa na bawa, wakisogeza nozeli moja milimita chache, wakibadili pembe yake, mpaka kusiwe na jino ambalo maji yamelala mbele yake. Kwa maoni yangu, kazi hii isiyo na mvuto wa matangazo ina faida kuliko majina mengi mapya ya meno yanayotolewa kila mwaka.

Si kwamba maumbo mapya hayana kitu. Meno yenye ncha ya koni huuchimba mwamba kwa kuupasua kabla ya kuukwangua. Yenye ukingo katikati hugawa mzigo pande mbili. Kuna hata jino linalozunguka polepole ndani ya kitundu chake, ili sehemu inayogusa mwamba ibadilike na kila upande upate muda wa kupoa. Wazo hilo la mwisho nalipenda kwa sababu linashughulikia joto moja kwa moja. Sahani zilizong'arishwa kama kioo nazo zinasaidia, kwani chenga huteleza juu yake badala ya kuganda, na msuguano ukipungua joto linapungua kabla halijahitaji kupozwa.

Kupunguza joto kwenye chanzo ni rahisi kuliko kulifukuza. Na chanzo kikubwa ni umbali ambao jino linaburuzwa. Jino la ukingoni kwenye biti ya inchi 8½ husafiri kama sentimita 68 kila mzunguko. Likiingia mwambani milimita moja kwa mzunguko, mita moja ya shimo inalisafirisha karibu mita 680. Likiingia robo ya milimita, mita ileile ya shimo inalisafirisha zaidi ya kilomita mbili na nusu. Ni mwamba uleule na shimo lilelile, lakini msuguano ni mara nne. Mchorongaji anayeogopa kuvunja meno hupunguza uzito na kuongeza mizunguko. Kwa kufanya hivyo anaigeuza biti kuwa jiwe la kunolea: haikati, inasugua. Ncha inapata bapa, bapa linaongeza msuguano, msuguano unaongeza joto, na joto linapanua bapa.

Mwaka 1965 mhandisi R. Teale alitoa njia ya kuliona jambo hili kwa namba. Pima nishati yote inayotumika, igawe kwa ujazo wa mwamba uliotolewa. Biti ikifanya kazi vizuri, jibu hukaribia nguvu ya mwamba wenyewe. Turudi kwenye mfano wetu. Mita moja ya shimo la inchi 8½ ni mita za ujazo 0.037 hivi. Kwa graniti ya megapaskali 200, kiwango cha chini cha nishati ni kama megajuli 7.3. Kwa kilowati 52, nishati hiyo hupatikana ndani ya dakika mbili na theluthi hivi, yaani kama mita 25 kwa saa. Rigi yako ikienda mita tano kwa saa kwa nguvu hiyohiyo, ni sehemu moja ya tano tu inayovunja mwamba. Sehemu nne nyingine zinasugua, zinatetemesha mabomba na kuchoma meno.

Neno kutetemesha linatuleta kwenye kuvunjika. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni ya Amoco walieleza kwamba biti ya PDC inaweza kuacha kuzunguka kwenye kitovu chake na kuanza kutembea ukutani mwa shimo kinyumenyume. Jino linapigwa kutoka mgongoni, upande ambao halikuundwa kubeba pigo. Kabla ya hapo meno yaliyovunjika yalihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mwamba ni mgumu mno kwa PDC. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba hatia nyingi zilizotupiwa mwamba zilikuwa za mtikisiko. Na jino lililopata ufa kwa pigo hupitisha joto vibaya, kwa hiyo huungua mapema. Ndiyo maana nilisema vifo hivi viwili vinahusiana.

Uwanja uliothibitisha haya ni Utah, Marekani. Huko, karibu na mji wa Milford, wizara ya nishati ilianzisha kituo cha majaribio cha FORGE juu ya graniti yenye joto. Wahandisi kutoka chuo kikuu cha Texas A&M walikuja na utaratibu wa kupima nishati ya Teale wakati shimo likiendelea, kutambua kinachozuia biti, na kukiondoa kimoja baada ya kingine. Biti za PDC, ambazo wengi walizikatia tamaa kwenye graniti, zikaanza kwenda kwa kasi ambayo trikoni haikuwahi kuifikia hapo. Kisima kirefu cha kwanza kilichoinamishwa sana kilianza Oktoba 2020. Jirani yake, kampuni ya Fervo ilichukua mbinu hizo na kuziendeleza. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba gharama ya kuchoronga kisima kimoja ilikuwa imeshuka kutoka dola milioni 9.4 hadi milioni 4.8 ndani ya visima vyake vichache vya mwanzo katika eneo hilo. Tangazo la kampuni husomwa kwa tahadhari, lakini mwelekeo wake unalingana na yaliyoonekana FORGE. Meno ya almasi yalichangia, na watu walioacha kuyasugua bure walichangia pia.

Je, yote haya yanahamia Olkaria, Menengai ya hukohuko Kenya, au Ngozi kule Mbeya, ambako Tanzania inatafuta jotoardhi yake? Kwa sehemu. Graniti ya Utah ni mwamba mzima, wa namna moja, na maji yanayoteremshwa hurudi juu. Bonde la Ufa ni tabaka juu ya tabaka za volkano: trakaiti, riolaiti, basalti na majivu yaliyoshikamana. Biti inatoka kwenye kitu laini na kuangukia kitu kigumu ndani ya mita moja, na pigo hilo la mpito ndilo adui mkubwa wa PDC. Pia miamba imejaa nyufa, ambazo ndizo zinazotafutwa kwa sababu mvuke hupita humo, lakini hizohizo humeza maji ya kuchorongea. Mara nyingi maji hayarudi kabisa.

Maji yakipotea, biti haikosi kupozwa mara moja, maana maji yanapita ndani ya mabomba na kutoka kwenye nozeli kabla ya kumezwa na nyufa. Kinachokosekana ni kuondoa chenga. Zinabaki chini, zinasagwa tena na tena, zinajaza mifereji, na mwisho zinabana mabomba. Ili zirudi juu, huko Kenya huchanganywa hewa na povu ndani ya maji, ili mchanganyiko uwe mwepesi na shinikizo lishuke hadi kulingana na lile la mwamba. Ni mbinu nzuri kwa kisima. Kwa biti ina gharama: kila sehemu ya maji ambayo nafasi yake inachukuliwa na hewa inapunguza uwezo wa kubeba joto kutoka kwenye uso wa jino. Msanifu wa Texas anayechora nozeli kwa hesabu ya maji matupu anachora kwa hali ambayo haipo kwenye kisima hiki. Halafu kuna saa ambazo pampu zimesimama. Mwamba wa Olkaria unaweza kupita nyuzi 300. Maji yakitembea, biti inakaa kwenye joto la chini sana kuliko hilo. Yakisimama, joto linarudi, na sili za trikoni ndizo za kwanza kulihisi. Kule Menengai wachorongaji walikutana na magma yenyewe kwenye kina cha mita 2,000 hivi. Iceland nao waliipata Krafla mwaka 2009, kwa kina kinachokaribiana na hicho.

Kwa hali hizi, sioni sababu ya kuitupa trikoni. Naona sababu ya kutumia PDC yenye meno madogo, yaliyoegemezwa nyuma kwa pembe kubwa ili ncha isishambuliwe, katika vipande vya kisima ambavyo historia ya jirani inaonyesha mwamba haubadiliki ghafla. Biti mseto, yenye koni na mabawa ya almasi kwa pamoja, nayo ilirudi sokoni kwa nguvu mwanzoni mwa muongo wa 2010 na inastahili nafasi kwenye tabaka za mpito: koni hupokea pigo, almasi hukwangua kilichopondwa. Hata hivyo bado ina beringi, na penye beringi pana sili.

Ukoo wa tatu, wa kugonga, unajulikana zaidi kwa wanaochimba visima vya maji. Katika graniti kongwe za katikati ya Tanzania, zilizo na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nyundo inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa hushuka shimoni pamoja na biti na kugonga mara elfu moja au zaidi kwa dakika. Hewa ileile inaendesha nyundo, inapoza vifungo vya kabaidi na kupeleka chenga juu. Kifungo kinapopata bapa la kama theluthi ya kipenyo chake, kinapaswa kunolewa upya. Kuendelea nacho kwa kudhani unaokoa muda ni kukialika kipasuke. Kabaidi nayo, ikisuguliwa kwenye mwamba usioikwaruza sana, hupata nyufa ndogondogo za uchovu na joto mfano wa ngozi ya nyoka, na nyufa hizo zisiponolewa mapema hushuka ndani.

Wanaotafuta sampuli za dhahabu katika ukanda wa Geita wanatumia biti nyingine tena, pete iliyochanganywa vumbi la almasi ndani ya metali. Hapa sheria inashangaza anayeisikia mara ya kwanza: mwamba ukiwa mgumu zaidi, metali ya biti inatakiwa kuwa laini zaidi. Metali lazima ichakae ili almasi mpya zijitokeze. Kwenye mwamba mgumu wa chembe ndogo, metali ngumu hung'arishwa, almasi zilizo juu zinakuwa butu, na biti inazunguka bila kushuka. Mchorongaji akiongeza mzunguko wakati huo, na maji yakapungua kwa dakika chache, metali huyeyuka na kushikana na jiwe. Mafundi husema amechoma biti. Mifereji ya maji kwenye pete hiyo, upana wake na idadi yake, ina uzito sawa na ubora wa almasi.

Wapo wanaotaka kuachana na biti kabisa. Kuna kampuni zinazojaribu kuuyeyusha mwamba kwa mawimbi ya sumakuumeme, wazo lililotoka katika utafiti wa MIT, na nyingine zinazojaribu cheche za umeme. Majaribio yanaendelea na nayafuatilia kwa hamu, ila kisima kitakachochorongwa mwaka ujao Bonde la Ufa kitachorongwa kwa meno.

Kinachoamua ni meno gani ni fedha, na hapa mara nyingi hesabu hufanywa kwa kuangalia bei ya biti peke yake. Tuseme rigi inagharimu dola 1,700 kwa saa, na kutoa na kurudisha mabomba kunachukua saa 12. Trikoni ya dola 15,000 inakwenda mita 4 kwa saa na kufa baada ya mita 300: kila mita imegharimu dola 543. Biti ya almasi ya dola 60,000 inakwenda mita 7 kwa saa na kudumu mita 600: kila mita imegharimu dola 377. Ya bei mara nne ndiyo nafuu. Lakini biti hiyo ikivunjika baada ya mita 100, kila mita imegharimu dola 1,047. Namba hizi ni za mfano, na zinaonyesha kwa nini meneja aliyewahi kuvunjikiwa mara moja hurudi kwenye trikoni na kukaa nayo miaka kumi. Hofu yake ina msingi. Kinachoweza kuiondoa ni kujua kwa nini ile biti ilivunjika, na hilo halijulikani bila kumbukumbu.

Kenya ina mtaji ambao nchi nyingi zingeutamani. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981, na mamia ya visima yamechorongwa tangu hapo. Wahandisi wake wamesomea Iceland kwa miongo kadhaa, na kampuni yake ya umeme, KenGen, imekwenda kuchoronga Ethiopia na Djibouti. Kila biti iliyotolewa kwenye visima hivyo ilikuwa na meno yaliyochakaa kwa namna fulani, kwa kina fulani, kwenye mwamba fulani. Kuna mfumo wa kimataifa wa kuyaandika hayo kwa safu nane za alama. Picha ya kila jino, uzito na mizunguko iliyotumika kila mita, kiasi cha hewa kilichochanganywa kwenye maji, mtetemo uliopimwa karibu na biti: vikikusanywa kwa visima 50 vya eneo moja, vinampa msanifu kitu ambacho hawezi kukipata Houston wala Beijing. Zabuni ya biti ingeweza kuandikwa kwa namna nyingine kabisa. Badala ya kuomba biti ya inchi 8½ ya daraja fulani, ingetaja mchanganyiko wa maji na hewa utakaopita kwenye nozeli, kina ambacho basalti inatarajiwa, muda ambao pampu husimama kila bomba linapoongezwa, na ingemtaka muuzaji aonyeshe maji yatapitaje mbele ya kila jino katika hali hiyo. Malipo nayo yangeweza kuhesabiwa kwa mita zilizochorongwa, ili mtengenezaji abebe sehemu ya hasara biti yake inapoungua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri uvumbuzi mpya. Vihisi vya mtetemo vinakodishwa, mfumo wa alama upo, na programu za kompyuta za kukokotoa mwendo wa maji zipo. Kazi ya kwanza ni ya siku moja: kuzipanga biti chakavu zilizolundikwa kwenye ua wa rigi kwa kisima na kwa kina, kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma.